Wakia tano na uso wa mwanamke

Sarafu ilikuwa na tundu.

Tundu lenyewe dogo, la kupita uzi tu, limetobolewa juu ya kichwa cha mwanamke aliyechorwa pale, ili ukiitundika aning'inie wima, asiwe kichwa chini miguu juu. Mzee aliyekuwa akiiuza, katika soko la vitu vya kale mjini Genova, alinisogezea lenzi bila kusema kitu. Nikainama. Nikaona nywele za mawimbi zilizofungwa kisogoni, kidevu kilichonona, nguo iliyokunjwa begani, na ukingoni herufi zilizosagika upande mmoja mpaka zikawa vivimbe tu. Nikaigeuza. Ngao, taji juu ya ngao, na ndani ya ngao maua matatu ya yungiyungi.

"Ya Ufaransa hii?"

"Fosdinovo," akanijibu, akinyoosha kidole upande wa mashariki kama anayenielekeza kituo cha basi.

Fosdinovo si Ufaransa. Ni mji mdogo juu ya kilima, kule Toscana inakopakana na Liguria, wenye ngome ya ukoo wa Malaspina ambayo watalii huitembelea hadi leo. Sasa maua ya wafalme wa Paris yalifuata nini huko?

Nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia pamoja na maelezo niliyopewa: sarafu ya fedha ya karne ya 17, adimu, jina lake luigino, ilipigwa Italia ili ikatumike kwa Waturuki, na fedha iliyomo ni kidogo kuliko inavyoonekana. Kaka yangu ndiye aliyewahi kujibu.

"Wajinga ndio waliwao."

Nilicheka. Halafu kwa wiki kadhaa nikawa naibishia ile sentensi peke yangu, jikoni, kwenye treni, usiku taa ikiwa imeshazimwa. Sikuwa na uhakika kama kaka amekosea. Nilichojua ni kwamba imekaa vibaya.

Mashavu ya mfalme

Mwaka 1641 Ufaransa ilizipanga upya sarafu zake za fedha. Kubwa iliitwa écu, na katika vipande vyake vidogo kulikuwa na kimoja cha sehemu ya 12, thamani yake sol 5, sol ikiwa fedha ndogo ya Kifaransa. Uzito wake ulikuwa gramu 2 na kidogo, na fedha yake ilikuwa safi kwa zaidi ya asilimia 91. Miaka miwili baadaye Louis XIV akarithi kiti akiwa na umri wa miaka 4, kwa hiyo sarafu hizo zikatoka na sura ya mtoto mwenye mashavu. Waitaliano wakaziita luigino kwa jina lake, maana Louis kwao ni Luigi.

Katikati ya miaka ya 1650 wafanyabiashara wa Marseille wakaanza kuzipeleka Izmir, bandari ya Waturuki. Soko lilizipokea kwa pupa.

Hali ya huko ilikuwa ngumu. Tangu 1645 Milki ya Osmani ilikuwa vitani na Venezia ikigombea Krete, na vita hula fedha. Akçe, sarafu ndogo ya nchi, ilikuwa imepungua uzito na ubora mpaka watu wanaipokea kwa kinyongo. Karakana nyingi za sarafu za Sultani zilikuwa zimefungwa, na fedha nzuri iliyotoka Ulaya haikukaa. Ilipita tu kwenda Uajemi na India. Mwenye duka alibaki na reali kubwa za Kihispania, ambazo huwezi kuzitoa kwa mkate mmoja ukapata chenji, na akçe ambazo mwenye mkate hazitaki. Katikati hapakuwa na kitu. Kipande cha sol 5 kikaingia hapo kikakaa.

Tena kilikuwa kizuri. Wanaoandika habari za uchumi hulipita hili haraka, mimi naona ndipo mambo yalipoanzia. Kilikuwa cha duara, kimechapwa sawasawa, kina uso wa mtu unaoweza kuukazia macho. Akçe ilikuwa kibati chembamba chenye maandishi yaliyokatika ukingoni. Wasafiri wa Kifaransa wa zama zile waliandika kwamba wanawake wa miji ya Waturuki walizipenda kwa mapambo, wakazishona kwenye nguo na vilemba, wakazitia shingoni. Bei yake ikapanda juu ya thamani ya fedha iliyomo.

Kitu kikishaanza kununuliwa kwa sura kuliko uzito, wa kukiiga hakawii.

Binti wa mizinga

Katika walioiga, mmoja alikuwa na haki kamili. Anne Marie Louise d'Orléans, binamu wa mfalme, mmoja wa wanawake matajiri kuliko wote Ulaya, alimiliki Dombes, utawala mdogo kaskazini ya Lyon wenye karakana yake ya sarafu katika mji wa Trévoux. Mwaka 1652, wakati wa uasi wa Fronde, ndiye aliyeamuru mizinga ya ngome ya Bastille iwafyatulie askari wa mfalme. Ikamgharimu. Akaondolewa kwenye kasri ya Paris, akakaa miaka mashambani.

Sarafu za Trévoux zikatoka na sura yake yeye, na upande wa pili maua matatu yaleyale, kwa sababu naye alikuwa damu ya Bourbon, ukoo wa mfalme. Hapakuwa na wizi wowote hapo. Ukizitazama haraka, ni pacha wa sarafu za mfalme.

Izmir ikampenda kuliko ilivyompenda mfalme. Inasimuliwa kwamba waliokuwa wakinunua kwa ajili ya mapambo walitaka uso wa mwanamke, na wauzaji walipolijua hilo wakaanza kuagiza nyuso za wanawake kama wanavyoagiza nguo za rangi fulani. Nimelifikiria sana jambo hili. Mwanamke aliyewatandika askari wa binamu yake kwa mizinga, aliyeishia kutupwa nje ya mji, uso wake unaning'inia kwenye vifua vya watu wa Anatolia, nchi ile ya Waturuki, wasiojua hata anaitwa nani. Kule kwao alikuwa habari ya mjini. Huku alikuwa bidhaa, na bidhaa haiulizwi jina.

Nyuma ya Genova

Ukiiacha bahari ya Genova ukapanda milimani, karne ya 17 ungekuta nchi iliyokatwakatwa vipande. Bonde hili la ukoo wa Doria, lile la Spinola, kilima kile cha Malaspina. Makabaila hawa walikuwa majirani wa Jamhuri ya Genova, mara nyingi ni watu wa ukoo mmoja na matajiri wake, lakini kwa sheria bwana wao alikuwa Kaisari aliyeko Vienna. Na baadhi yao walikuwa na hati za Kaisari zinazowaruhusu kupiga sarafu.

Haki walikuwa nayo. Kilichokosekana ni fedha ya kuipiga. Kabaila wa milimani alikuwa na ngome, misitu na watu wachache wa kutoza kodi. Mfanyabiashara wa pwani alikuwa na reali za Kihispania, mafundi, meli na wateja Izmir, ila hana hati. Mnajua mazungumzo kama hayo yanavyokwisha. Mfanyabiashara alikodi karakana, akaleta fedha yake na shaba yake, akaeleza anataka sarafu ya sura gani na ya ubora gani. Kabaila akaleta jina, akapokea kodi.

Majina yenyewe ndiyo yaliyonisimamisha. Loano na Torriglia, Violante Lomellini, aliyeolewa na ukoo wa Doria. Tassarolo, Livia Centurione, mke katika ukoo wa Spinola. Fosdinovo, Maria Maddalena Centurione, mke wa Pasquale Malaspina. Wote ni wanawake.

Fosdinovo mtawala alikuwa mume. Hakuwa amekufa, hakuwa mgonjwa, hakuwa mtoto. Lakini luigino za miaka ya 1666 hadi 1669 zilitoka kwa jina la mke na sura ya mwanamke.

Kwa sababu soko lilitaka mwanamke.

Hata hivyo ukiziweka picha kubwa za sarafu hizi pembeni ya ile ya Trévoux, nywele ni zilezile, kidevu ni kilekile, shingo imegeuka vilevile. Maria Maddalena alitoa jina na cheo tu. Uso ni wa yule binti wa mizinga, au wa kivuli chake, umechongwa na fundi ambaye huenda hakuwahi kumtia machoni hata mmoja wao. Maua nayo yalikuwa na hila zake. Pale ambapo kabaila hakuwa na haki ya kuweka yungiyungi, fundi alichonga kitu kingine kwa umbo linalofanana nalo, ili ukishika sarafu kwa umbali wa mkono usione tofauti.

Nisipite bila kuwataja watawa. Abasia ya Lérins ilikuwa na kijiji kinachoitwa Seborga, karibu na mpaka wa sasa wa Ufaransa, na mwaka 1666 nao wakafungua karakana huko. Luigino za Seborga ni katika zile ambazo wakusanyaji huzitafuta maisha yao yote. Kijiji kipo bado, wakazi wake ni mia chache, na wenyewe wanadai ni utawala huru, wana mtawala wao na bendera, na wana fedha yao ya kienyeji iitwayo luigino ambayo wameipangia thamani ya dola 6 za Marekani. Serikali ya Italia haiwatambui, na maisha yanaendelea.

Ukweli wa ukingoni

Hapa hesabu kidogo, nivumilieni.

Reali kubwa ya Kihispania ilikuwa na fedha tupu ya gramu 25 hivi. Ukiiyeyusha ukapiga vipande vya sol 5 kwa ubora wa Ufaransa, utapata 12. Sasa punguza fedha, ongeza shaba, mpaka fedha iwe sehemu 5 katika 12, uzito wa sarafu uubakize pale pale. Reali ileile itakupa zaidi ya vipande 25.

Sehemu 5 katika 12 sikuzitunga. Ziko kwenye sarafu. Waitaliano walipima usafi wa fedha kwa wakia: wakia 12 ni fedha tupu, wakia 6 ni nusu kwa nusu. Na baadhi ya luigino zimeandikwa ukingoni, kwa Kilatini, *bonitatis unciarum quinque*. Ubora wa wakia tano.

Nililisoma hilo mara mbili.

Sarafu inayodaiwa kuwa ya kitapeli inataja yenyewe kiasi cha fedha iliyomo. Haisemi ni ya mfalme wa Ufaransa. Inataja jina la bibi mwenyewe, mahali pake, na ubora wake. Mpeleke mahakamani mtu wa namna hiyo utamshitaki kwa lipi? Jina ni lake, hati anayo, kipimo amekitangaza. Kwa siku kadhaa nikawa upande wa kaka yangu kabisa. Mtu amekuandikia bei na uzito, wewe hukusoma, halafu unalia umeibiwa?

Kilichonitoa huko ni swali dogo tu. Maneno yale aliandikiwa nani?

Hakuandikiwa muuza samaki wa Izmir. Huyo kama alijua kusoma alisoma Kituruki kwa herufi za Kiarabu, au Kigiriki, au Kiarmenia, au Kiebrania. Kilatini alikisoma nani pale, labda padri na balozi mdogo. Maandishi yale yaliandikiwa mwanasheria. Yaliandikiwa siku ambayo Kaisari au Jamhuri ya Genova ingeuliza, ili bibi mwenye jina afungue mikono na kusema: tazameni, kila neno ni la kweli. Na ni kweli kila neno lilikuwa la kweli. Uongo wote uliachiwa picha, kwa sababu picha haishitakiki.

Na wakia tano hazikuwa mwisho. Kadiri miaka ilivyokwenda fedha ikazidi kupungua, theluthi, kisha chini ya hapo, mpaka zikatoka sarafu ambazo ni shaba iliyopakwa weupe. Hizo ubora wake hazikuutangaza.

Simu kwa ami

Ami yangu ni sonara Unguja, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Nilimpigia jioni moja nikijua atakuwa ameshafunga duka.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, mwanangu. Huko baridi bado?"

Nikamsimulia yote, nikijitahidi kumpa habari za hati za Kaisari na sheria, maana mimi ndizo zilizonikaa kichwani. Hazikumshughulisha. Aliuliza mambo mawili tu. Je, uzito ulikuwa uleule wa sarafu ya mwanzo? Nikamwambia karibu sana. Na ikiwa mpya iling'aa vilevile? Iling'aa, walijua kuitoa weupe juu.

"Basi aliyeitengeneza aliijua kazi," akasema. "Mtu akishaona uzito ni ule na sura ni ile, umemwondolea sababu ya kupima. Nani anakata sarafu ya mkate aone ndani yake?"

Nikamweleza wazo nililokuwa nimelikumbatia: kwamba angalau wale wanawake waliozivaa hawakuibiwa. Walitaka pambo, wakapata pambo. Uso ni mzuri, unang'aa shingoni, shaba ikiwemo ndani inamdhuru nani?

Akanyamaza kidogo.

"Wewe kidani cha bibi yako unakikumbuka?"

Nakikumbuka. Riale za Maria Theresa, malkia wa Austria, kubwa, nzito, kila moja imeungwa kitanzi juu ili ipite kwenye mkufu. Sisi watoto tulikuwa tunapenda sauti yake anapotembea.

"Unadhani alikuwa anavaa uzuri?" ami akaniuliza. "Ile ilikuwa akiba. Babu yako alipougua, zilichomolewa pale moja moja zikaletwa hapa dukani, zikapimwa. Mizani haikujali uso wa nani. Sasa fikiria siku ile tungezikuta shaba."

Sikuwa na jibu, na baada ya hapo sikuwa tena na upande wa kaka wa kusimama.

Maana kidani ni benki ya asiye na benki, pwani ya Uswahilini na Izmir vilevile. Mwanamke aliyetoboa tundu juu ya kichwa cha yule bibi wa Fosdinovo, akaangalia ikae wima, alikuwa anaweka akiba. Aliyemuuzia alijua. Mvunja fedha wa mjini, mwenye jiwe lake jeusi la kusugulia na jicho la miaka 30, bila shaka alijua. Aliyeipakia melini alijua kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyeagiza ubora. Ukizifuata sarafu hizi tangu zinapotoka karakana, kila mkono wa mwanzo unajua na unapata faida, na kadiri zinavyokwenda bara, kwenye mashamba ya tini na vijiji vya mbuzi wa manyoya ya Ankara, ujuzi unapungua na hasara inakaribia. Mkulima hakuwa mjinga. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni, na mnunuzi wa mazao yake alikuwa na sarafu za aina moja tu mfukoni.

Kisha mwaka 1669 serikali ya Sultani ikakaza uzi. Watoza kodi wakazikataa. Fikiria hapo: mazao yako umeyauza kwa luigino, kodi unadaiwa, na luigino haipokelewi. Thamani ikaanguka, na katika miji ya Anatolia ghasia zikazuka. Mwaka huohuo Candia, ngome kuu ya Krete, ikasalimu amri na vita vya Krete vikaisha baada ya miaka 24, na meli za Ulaya zikaendelea kutia nanga Izmir zikibeba sarafu za aina nyingine. Mwanahistoria mmoja wa uchumi wa Italia aliliita sakata hili utapeli wa karne. Sijui watu wangapi walifungwa kule milimani Liguria. Ngome za makabaila, hilo nalijua, zilibaki na wenyewe.

Kwa nini ni adimu

Wauza sarafu hulipenda neno adimu. Liko kwenye kila tangazo la luigino, na mara nyingine limepandishwa cheo, adimu sana, adimu mno. Nilikuwa nalipokea hivyohivyo, nikidhani zilipigwa chache, kwa bibi mwenye karakana ndogo.

Zilipigwa nyingi ajabu. Karakana hizi zilifanya kazi kwa miaka michache tu, lakini mzigo uliokwenda mashariki ulihesabiwa kwa makasha, na ukijumlisha Wafaransa, Trévoux na makabaila wa Italia unazungumzia mamilioni ya vipande. Zimekuwa adimu kwa sababu ya kilichotokea baadaye. Zilipokataliwa, mtu aliyekuwa na kapu la luigino hakuwa na la kufanya ila kuziuza kwa uzito wa fedha iliyomo, na aliyenunua akazitia motoni. Uadimu wake ndio hasara yenyewe, imebaki inaonekana. Kila luigino unayoikosa kwenye mnada ni mtu fulani Anatolia aliyepata sehemu ndogo ya alichodhani anacho.

Na zilizosalimika? Nilizipitia picha za minada mpaka macho yakauma. Nyingi zina matundu. Wakusanyaji hukunja uso, na bei inashuka, pengine kwa nusu, kwa sababu tundu ni dosari. Mimi nadhani mara nyingi tundu ndilo lililoiokoa. Sarafu ya mfukoni ilikwenda kwenye moto na wenzake. Ya kwenye kidani ilibaki kifuani kwa mtu ambaye ama hakujua, ama alijua akaona haina haja tena ya kuipeleka popote, akamwachia binti yake, na binti naye akamwachia wake.

Massawa

Kuna kitu kilinirudisha upande wetu wa dunia, na sikukitafuta.

Mwaka 1885 Italia iliikalia Massawa, kwenye Bahari ya Shamu. Sokoni wakakuta watu wanatumia riale ileile ya bibi yangu: Maria Theresa, tarehe 1780 haibadiliki, gramu 28, fedha 833 kwa 1000. Ilikuwa ikipigwa na Waaustria miaka mia baada ya malkia mwenyewe kuzikwa, na kuanzia Ethiopia hadi Yemen, Oman na Unguja watu waliiamini. Waitaliano wakaona wanaipa Vienna faida ya bure. Wakapiga tallero yao ya Eritrea, ya 1891 na ya 1896, yenye uso wa Mfalme Umberto I na masharubu yake.

Soko likaikataa. Halikutaka mwanaume.

Ndipo mwaka 1918 karakana ya Roma ikatoa tallero mpya. Safari hii ni mwanamke, mnene wa shingo, nywele zimerudishwa nyuma, vazi la kifuani, umbo la Maria Theresa hasa ukiishika kwa umbali wa mkono. Ukiisogeza karibu unaona ni mwanamke mwingine, sanamu ya Italia yenyewe. Na upande wa tai kuna Kilatini, tena kilichofupishwa: *ad negot. erythr. commod. arg. sign.*, kwamba ni fedha iliyopigwa kwa manufaa ya biashara ya Eritrea. Kila neno la kweli.

Niliposoma maandishi yale nilisimama nikatembea chumbani. Miaka 250 imepita, na bado ni uso wa kuazima mbele na Kilatini cha mwanasheria pembeni.

Tofauti ni kwamba Massawa hawakuliwa. Wafanyabiashara wa riale walikuwa na mazoea ya kuikagua kabla ya kuipokea, wakizitazama lulu za kishikizo kilicho begani kwa malkia, wakiipapasa ukingo wake ulioandikwa. Tallero ya Roma ilikuwa na fedha ya kutosha, yenyewe haikuwa na kasoro ya ubora. Ilikataliwa kwa sababu waliokuwa wanaipokea walishika wao wenyewe uamuzi wa nini ni fedha na nini si fedha, jambo ambalo mkulima wa Anatolia hakuwa nalo.

Mwaka 1935, Mussolini akijiandaa kuivamia Ethiopia na akihitaji fedha ambayo watu wa huko wangeipokea, serikali yake haikuhangaika tena kuiga. Ilikwenda Austria ikapewa haki ya kupiga riale halisi, na mihuri yake, na Roma ikaanza kumpiga chapa Maria Theresa wa 1780. Mwaka uliofuata London nayo ikaanza kumpiga wa kwake, na baadaye wengine.

Nilipomsimulia ami sehemu hii aliguna. Akataka kujua kama riale za Roma zinatambulikana. Nikamwambia wataalamu wanazitofautisha kwa vitu vidogo, manyoya ya mkia wa tai, zile lulu za begani.

"Nitumie picha za hizo tofauti," akasema. "Kidani cha bibi yako kimebaki na sita."